Tundu la Hendeli: Pikapu Kongwe za Shinyanga na Geita

Katikati ya bampa ya mbele ya Land Rover 109 ya zamani kuna tundu la mviringo. Vijana waliokulia kwenye magari ya kuwasha kwa kitufe hudhani ni la kupitishia kamba ya kuvutia. Wazee hucheka. Tundu hilo ni la hendeli, fimbo ya chuma iliyopinda, ambayo utingo aliichomeka hapo mpaka ikamate pua ya injini, kisha akaizungusha kwa nguvu zake zote. Betri ikifa porini, hendeli ndiyo ilikuwa betri ya pili. Nayo ilikuwa na adabu zake: injini ikirudisha teke, gumba lililozungushwa kwenye mshikio liliweza kuvunjika, kwa hiyo utingo alifundishwa kuliweka upande mmoja na vidole vingine.

Anayefufua pikapu kongwe leo hulitazama tundu hilo mapema. Kama bampa ni ile ya kiwandani na hendeli bado ipo nyuma ya kiti, gari limetunzwa.

Historia ya magari haya katika ukanda wa Shinyanga na Geita inafuata vitu vitatu: almasi, pamba na dhahabu. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alipogundua almasi Mwadui mwaka 1940, Land Rover ilikuwa bado haijazaliwa. Reli ilikwishafika Mwanza tangu 1928, lakini nje ya reli kulikuwa na njia za vumbi na mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika hunasa gurudumu kama gundi. Gari dogo la kumudu udongo huo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Waingereza walikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, wakaamua kutengeneza bodi kwa alumini. Uamuzi huo wa shida ndiyo sababu moja ya magari hayo kuwepo mpaka leo: alumini hailiwi na kutu kama bati la chuma.

Mwadui ulikua ukawa mji kamili, wenye shule, hospitali na uwanja wa ndege. Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo mgodi ukaingia mikononi mwa De Beers na serikali ya Tanganyika kwa hisa sawa. Kufikia wakati huo pikapu ndefu ya inchi 109, kipimo cha kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, ilikuwa imeshatoka kiwandani. Ikawa gari la bwana shamba, la mmisionari, la mpimaji ardhi na la ofisi ya wilaya.

Pamba nayo ilileta wateja wake. Mwaka 1955 wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions. Marobota yalibebwa na malori, lakini karani wa mizani, fedha za malipo na mbegu vilihitaji gari jepesi. Hapo Land Rover ilikutana na mshindani wa Kifaransa, Peugeot 404. Sifa zake hazikuletwa na matangazo peke yake: Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, alishinda mashindano ya East African Safari kwa 404 mwaka 1966 na tena 1967. Toleo lake la pikapu halikuwa na uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, lakini lilikuwa laini barabarani na halikunywa mafuta kama Land Rover.

Kisha ikaja miaka iliyowafanya mafundi kuwa mafundi.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Njia ya spea kutoka Nairobi ikakatika. Mwaka uliofuata vita vya Kagera vikazuka, na magari ya raia na mashirika yakachukuliwa kubeba askari na shehena. Fedha za kigeni zikakauka, mafuta yakawa ya mgao, na kuendesha gari binafsi Jumapili baada ya saa 8 mchana kukapigwa marufuku. Katika hali hiyo, kutupa gari bovu lilikuwa jambo la anasa. Bushi zilichongwa kwenye tairi kuukuu. Gasketi zilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu. Jani la springi lililovunjika lilipashwa moto na kunyooshwa na mhunzi, mtu aliyezoea majembe na mikuki. Na gari lisilotibika lilichinjwa: difu ikaenda huku, giaboksi kule, milango kwa mwingine.

Ndiyo maana pikapu nyingi za wakati huo ni za kuungaunga. Chasisi inaweza kuwa ya mwaka mmoja, kabati ya mwaka mwingine, na injini ikawa ya kabila jingine kabisa.

Nafuu ilianza 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa sana zilikotoka. Pikapu zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyokimbiliwa, na Wajapani walikuwa tayari. Toyota ilikuwa imekwishatoa Hilux tangu 1968, na mwaka huohuo wa 1984 ilizindua kizazi kipya cha Land Cruiser, ile ya mfululizo wa 70. Umbo lake halijabadilika sana hadi leo. Mtu aliyezoea kulala chini ya Land Rover akizuia oili isivuje aliiona Toyota kama muujiza.

Dhahabu ikamalizia kazi. Mgodi wa zamani wa Geita ulikuwa umefungwa 1966, lakini mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo kwa bei ya kuvutia, mashimo yalifumuka Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na kwingineko. Rashi mpya, yaani mkimbilio wa wachimbaji kwenye dhahabu iliyoonekana, ikitangazwa leo, kesho pikapu zimeshafika: zinapeleka magogo ya kufungia matimba, yaani nguzo za kushikilia kuta za mashimo, mapipa ya dizeli, maji na unga wa ugali, na kurudi na viroba vya mawe vya kupeleka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Hakuna aliyeuliza gari ni la mwaka gani. Swali lilikuwa linapanda mlima likiwa na mzigo au halipandi. Migodi mikubwa ilipofunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu 2001, barabara zilijaa Land Cruiser mpya nyeupe zenye bendera ndefu za usalama, na zile za zamani zikasogea pembeni, chini ya miembe.

Chini ya miembe hiyo ndipo kazi ya kufufua huanzia. Kazi hiyo haianzi na rangi. Fundi makini hugongagonga chasisi kwa nyundo ndogo akisikiliza sauti, maana bodi ya alumini inaweza kung'aa huku chuma kilichoibeba kimeoza, hasa pale metali hizo mbili zinapogusana na unyevu ukakaa katikati. Kisha huja ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva, halafu mfumo wa breki. Chujio la hewa la kizamani, lenye bakuli la oili, linahitaji kumwagwa na kuoshwa mara kwa mara. Vumbi la Kahama likipita hapo, ringi za pistoni hazidumu.

Injini ndiyo inayogawanya wapenzi. Wapo wanaotaka ya petroli ya lita 2.25 ya asili, hata kama inakunywa. Wapo waliopandikiza ya dizeli ya Kijapani na hawaoni haya: gari linatembea, na spea zinapatikana Katoro kama zinavyopatikana Kariakoo. Mwamuzi wao asiyekwepeka ni kadi ya gari, ambayo huandikwa namba ya chasisi na namba ya injini. Mwenye kupandikiza bila kurekebisha kadi hukwama siku anapotaka kuuza.

Oktoba 2024, mamia ya Land Rover kutoka mikoa mbalimbali yalikusanyika Arusha kwa tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Kulikuwa na zilizopakwa rangi mpya na kung'arishwa taa. Kulikuwa pia na zilizofika na vumbi lake na karai la mzigo limebonyea, zikiwa na kazi ya kurudia Jumatatu.