Tarehe ya Bakelite na Leo Baekeland Aliyeizaa

Hii ni tarehe ya Bakelite, plastiki ya kwanza kuundwa kwa kemikali tupu. Imeandikwa kwa sababu wapo wanaompa Alexander Parkes wa Birmingham heshima ya uasisi. Parkes alionyesha Parkesine yake London mwaka 1862, lakini asili yake ilikuwa nyuzi za mimea. Daniel Spill alimfuata. Kuhusu hao, yatosha.

John Wesley Hyatt wa Albany alitafuta kitu cha kushika nafasi ya pembe za ndovu, ambazo zama hizo zilisafirishwa kutoka Unguja hadi Marekani zikachongwe vibonye vya piano na mipira ya biliadi. Alichanganya pamba iliyotiwa asidi na kafuri, akapata seluloidi. Hapa lazima niieleze ajabu aliyoisimulia Hyatt mwenyewe. Mwenye baa mmoja wa Colorado alimwandikia kwamba mipira hiyo ikigongana kwa nguvu hulia kama fataki ya bunduki. Mlio haukumsumbua, kilichomsumbua ni kwamba papo hapo kila mwanamume ukumbini alichomoa bastola.

Turudi kwa Leo Hendrik Baekeland. Alizaliwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1863, mtoto wa fundi viatu. Alisoma hadi shahada ya udaktari, akamwoa Céline, binti wa profesa wake, wakahamia Marekani. Huko alibuni karatasi ya picha iitwayo Velox, akaiuza kwa George Eastman mwaka 1899, na kwa utajiri huo akajenga maabara nyumbani kwake Yonkers.

Mkemia Adolf von Baeyer alikwisha kuchanganya fenoli na formaldehaidi mwaka 1872. Yeye na wengine waliambulia gando gumu lililong'ang'ania chupa na kukataa kuyeyuka, wakaliona uchafu. Baekeland alitambua kuwa ugumu ule ndio mali. Aliufungia mchanganyiko ndani ya chombo cha chuma, akaupa joto kali na mgandamizo ili usifure mapovu. Kilichotoka, yaani Bakelite, hakikuyeyuka tena kwa moto, wala hakikupitisha umeme. Mafundi umeme, waliokuwa wakitegemea utomvu wa wadudu wa Bara Hindi kukinga nyaya, walipata walichokuwa wakikihitaji.

Ombi la hataza aliliwasilisha Julai 1907, na mwaka 1909 akautangazia ulimwengu ugunduzi wake. Waingereza husema mhandisi James Swinburne naye aliufikia ugunduzi huo, ila alipokwenda kuomba hataza alikuta Baekeland amemtangulia kwa siku moja. Kwangu mimi shauri limekwisha: hataza ni ya aliyetangulia. Tena Swinburne mwenyewe alikuja kuwa mwenyekiti wa Bakelite Limited ya Uingereza mwaka 1926, na mtu hakubali kiti katika nyumba anayodai ameporwa.

Bakelite ikaingia kila mahali: swichi, soketi, vipini vya sufuria, kamera, simu nyeusi za mezani. Ikichanganywa na unga wa mbao iligandamizwa kwa joto katika kalibu na kutoka imekamilika, haihitaji kuchongwa. Redio ya duara ya Ekco AD65, iliyosanifiwa na Wells Coates na kuuzwa kuanzia 1934, ni kazi nzuri ya Bakelite kuliko zote.

Mwaka 1939 kampuni ya Baekeland huko Marekani ilichukuliwa na Union Carbide. Baekeland alifariki Beacon, New York, mwaka 1944. Waandishi wa vitabu vya shule na waanze kwake hesabu ya plastiki za kemikali.