Nani amekuchanganyia unga?

Ndugu msikilizaji, na wewe unayetusoma katika safu hii, wiki hii naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, tena la jikoni. Nalo ni pakiti ya unga wa biskuti uliokwisha kuchanganywa. Ni ile pakiti ambayo nyuma yake imeandikwa kwamba utie yai na siagi, ukande, ukate vipande, uoke, na baada ya robo saa watoto wawe wanakula. Hapa Tunduma pakiti za namna hiyo, pamoja na zile za keki na za unga unaoumuka wenyewe, zinaonekana katika maduka ya karibu na mpaka. Swali langu ni hili: mtu anapotoa fedha yake na kuinunua, ananunua nini hasa?

Wapo watakaonijibu haraka haraka kwamba ananunua uvivu, kwamba akina mama wa siku hizi hawataki kazi. Mimi sikubaliani nao. Nimejaribu kuifuatilia historia ya pakiti hii, nikaona kwamba haikuanzia kwa mvivu hata mmoja. Ilianzia kwa watu waliokuwa mbali na jiko.

Tuanze mwanzo. Zamani mtu aliyetaka unga wa ngano uumuke alitegemea hamira, na hamira ni kitu chenye uhai. Inataka joto na inataka muda. Mwaka 1843 mkemia mmoja wa mji wa Birmingham, Uingereza, jina lake Alfred Bird, alitengeneza unga wa kuumulia usiohitaji hamira, kwa sababu mke wake alikuwa akidhurika na hamira. Hiyo ndiyo beking pauda tunayoijua. Ndani yake mna magadi na asidi kavu, vitu viwili ambavyo vikikaa vikavu havigombani, lakini vikipata maji hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua unga.

Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1845, mwoka mikate wa Bristol aitwaye Henry Jones alipiga hatua nyingine. Yeye alivichanganya vitu hivyo moja kwa moja na unga wa ngano, akapata hataza ya unga unaoumuka wenyewe. Nia yake ilikuwa kuwaokoa mabaharia, ambao safari nzima walikuwa wakila biskuti ngumu kama jiwe. Jones aliwaambia wakubwa wa jeshi la majini kwamba kwa unga wake mabaharia wangeweza kupata mkate laini humo humo melini. Wakubwa hao walimzungusha miaka kumi. Ilikuwa mwaka 1855, wakati wa vita vya Crimea, ndipo walipokubali.

Kwa hiyo mteja wa kwanza aliyekusudiwa na unga wa tayari alikuwa baharia na askari, mtu asiye na mama wala mke karibu wa kumkandia. Kumbuka hilo, maana tutalirudia tukifika kwa madereva wa malori wa hapa Tunduma.

Kutoka Uingereza mambo yalihamia Marekani, na huko pakiti ikapata sura nyingine. Mwaka 1889 katika mji wa St. Joseph, jimbo la Missouri, ulianza kuuzwa unga wa chapati laini za maji uliochanganywa tayari. Ukapewa jina la Aunt Jemima, na baadaye picha ya mama mweusi mwenye kilemba, mfano wa mpishi wa enzi za utumwa. Mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya Chicago, waliajiri mama aliyezaliwa utumwani, Nancy Green, asimame mbele ya watu akipika na kusimulia hadithi. Maana ya tangazo lile ilikuwa wazi kabisa: huna tena mtumwa wa kukuchanganyia unga, basi nunua pakiti, yeye yumo ndani. Jina hilo lilidumu zaidi ya miaka 130. Wenye kampuni walitangaza kuliondoa mwaka 2020, na mwaka 2021 wakaweka jina jingine.

Ndugu msikilizaji, sisemi haya ili umchukie mtu anayekula chapati za maji. Nasema ili tuone kwamba kazi ya jikoni haipotei. Ikitoka mikononi mwako, imekwenda mikononi mwa mwingine, na huyo mwingine analipwa, au amedhulumiwa.

Ikafika miaka ya 1930, dunia ikiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi. Mwaka 1930 mama mmoja wa Chelsea, Michigan, Mabel White Holmes, ambaye familia yake ilikuwa na kinu cha unga, alianzisha mchanganyiko ulioitwa Jiffy, maana yake mara moja. Mwaka 1933 kampuni ya P. Duff and Sons ya Pittsburgh ilipata hataza ya mchanganyiko wa keki ya tangawizi. Kampuni hiyo iliuza sharubati nzito ya miwa, na kwa kuikausha ndani ya unga ilipata njia nyingine ya kuiuza. Hapo pia hapakuwa na uvivu. Palikuwa na mali iliyotafuta soko.

Sasa sikiliza kisa cha yai. Mchanganyiko wa kwanza wa Duff ulikuwa na yai lililokaushwa, ikabaki kutia maji tu. Lakini mwaka 1935 kampuni hiyo ilipata hataza nyingine, nayo ilieleza kwamba akina mama wanapendelea kuvunja yai bichi wao wenyewe. Watu wengi husimulia kwamba jambo hilo liligunduliwa na mtaalamu wa saikolojia, Ernest Dichter, katika miaka ya 1950. Hataza ya Duff inaonyesha kwamba lilikwisha kujulikana miaka mingi kabla. Mpishi hakutaka kunyang'anywa kazi yote. Alitaka mkono wake uwemo, ili biskuti ikitoka aweze kusema, hii nimeioka mimi.

Je, sisi huku tulikuwa wapi wakati huo? Sisi pakiti hatukuikataa; tulikuwa bado tunautafuta unga wenyewe. Huko Kenya kampuni ya Unga Limited ilianza kusaga ngano ya walowezi mwaka 1908. Hapa kwetu, baada ya Azimio la Arusha, vinu vikubwa vilitaifishwa mwaka 1967, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Taifa la Usagishaji, lililojulikana kwa herufi tatu, NMC. Kuanzia miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano huko Basotu, wilayani Hanang. Ngano ilipatikana, lakini wafugaji wa Kibarbaig walipoteza malisho yao, wakaingia katika kesi za ardhi zilizochukua miaka. Hata unga wetu wenyewe, basi, ulikuwa na mtu aliyeulipia.

Halafu zikaja shida. Ilipomalizika vita vya Kagera mwaka 1979, nchi ilikuwa imechoka na fedha za kigeni hazipo. Mimi nilikuwa sijapata akili za kukumbuka, lakini wazazi wetu wametusimulia foleni za sukari, za sabuni na za unga. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya uhujumu uchumi, na watu wakaogopa hata kuonekana na katoni nyumbani. Mwaka 1984 serikali ililegeza, ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa. Katika hali kama hiyo biskuti ya nyumbani ilikuwa kitu cha sikukuu. Aliyepata kilo ya unga na robo ya sukari aliigawa kwa hesabu, na hesabu hiyo ilikuwa kichwani mwake, siyo nyuma ya pakiti.

Mji wetu wa Tunduma ulizoea kuona bidhaa kabla ya miji mingine kwa sababu ya mahali ulipo. Mpaka huu ni matokeo ya mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, ambayo yaliwaacha Wanyamwanga nusu huku na nusu kule. Walowezi wa Rhodesia Kusini walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilibanwa kusini ikageukia kaskazini, na barabara hii ikawa mshipa wake wa damu. Mwaka 1976 reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilikabidhiwa rasmi, na treni zikawa zinapita hapa hapa. Baada ya mwaka 1994, Afrika Kusini ilipojikomboa, bidhaa za viwanda vyake zikaanza kupanda kwa wingi kuelekea kaskazini. Mwaka 2016 tukapata mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya, na mwaka 2019 kikafunguliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde.

Katika njia hiyo ndefu ya malori kuna watu walio mbali na majiko yao, kama mabaharia wa Henry Jones. Dereva anayesubiri karatasi zake anataka chai na kitu cha kutafuna. Hapo ndipo akina mama wetu wanapopata riziki, kwa maandazi, kwa vitumbua na kwa biskuti zilizookwa kwa sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Kwa mama huyo swali la pakiti ni swali la ada ya shule.

Tazama hesabu yenyewe. Ukisoma orodha iliyoandikwa kwenye pakiti, cha kwanza ni unga wa ngano, cha pili mara nyingi ni sukari, kisha beking pauda, chumvi na harufu. Siagi ni yako. Yai ni lako. Mkaa ni wako. Kilicho ndani ya pakiti ambacho hukuweza kukinunua kwa kupimiwa dukani ni kipimo tu. Anayenunua pakiti kila siku analipia kipimo kila siku, ilhali kipimo kinajifunzwa mara moja. Na ngano yenyewe tayari ni ghali, maana sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania inatoka nje. Mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, bei ya ngano duniani ilipaa. Mfanyabiashara mdogo hana nafasi ya kulipia mara mbili.

Kuna jambo jingine. Pakiti haiijui Tunduma. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, na unga huumuka upesi kuliko Dar es Salaam. Ukitia beking pauda kwa kipimo cha pwani, biskuti hupanda kwa haraka kisha ikabonyea na kupasuka. Huko Marekani viwanda vingine huandika maelekezo ya pekee kwa watu wa milimani. Pakiti yako isipoandika, kipimo hicho unacho wewe, kwa mkono wako na kwa jiko lako.

Kwa hiyo nitasema wazi ninachokiamini. Mchanganyiko wa tayari ni kitu chema. Kinachotupasa ni kuuchanganya sisi. Chukua kilo moja ya unga wa ngano, gramu 400 za sukari, vijiko vitatu vya chai vya beking pauda na nusu kijiko cha chumvi. Chekecha pamoja mara mbili, utie iliki ya kusaga ukipenda, uhifadhi ndani ya kopo kavu lenye mfuniko. Siku ya kuoka, pima nusu kilo ya mchanganyiko huo, fikicha na gramu 150 za siagi, tia yai moja, na maziwa kidogo kama haujashikana. Dakika 12 hadi 15 zinatosha, kwa moto wa wastani. Na kama unaitilia shaka beking pauda yako, tia kijiko kimoja katika maji ya moto. Isipotoa povu kwa nguvu imekwisha kazi, usiipotezee unga.

Wenye kikundi wanaweza kwenda mbele zaidi. Shirika la SIDO lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi, na alama ya ubora inatolewa na TBS. Sioni sababu ya pakiti zinazouzwa Tunduma kuandikwa majina ya miji ya mbali peke yake. Iwepo na ya Vwawa, iwepo na ya Tunduma yenyewe, yenye kipimo cha watu wa milimani, na ivuke mpaka kwenda Nakonde kama nyingine zinavyovuka kuja kwetu.

Mabaharia walichanganyiwa unga kwa sababu walikuwa baharini. Sisi tuko nchi kavu, tena majiko yetu yanawaka. Hapana budi tujiulize kila tunapofungua pakiti, ni nani amechanganya, na amelipwa nani.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.