Kupima Uvumi: Historia Inayopita Gitega na Muyinga

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa na wanajeshi waasi mjini Bujumbura, redio ya taifa ilikuwa imekwisha nyamazishwa, na watu wa Gitega, Muyinga na mikoa mingine ya bara, wasio na wa kumwuliza, walizipokea khabari za msiba ule kwa redio ya Kigali na kwa vinywa vya wapita njia, kila kinywa kikizidisha chake. Sisemi kwamba maelfu waliochinjwa baada ya hapo waliuawa na uvumi, kwani hofu na chuki zilikuwa na mizizi mirefu. Nasema kwamba sauti ya kuaminika ilipokosekana, uvumi ulishika nafasi yake.

Kwa ajili hiyo, mwaka 1995, shirika la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo, studio ya redio ambamo waandishi wa Kihutu na wa Kitutsi walifuatana wawili wawili hadi mahali penyewe palipotajwa katika uvumi, wakatazama kwa macho yao, wakahoji pande zote, ndipo wakarudi kutengeneza kipindi.

Miaka ishirini baadaye mtihani ulirudi. Aprili 2015 watu wa Kirundo na Muyinga walikuwa wakivuka kwenda Rwanda kwa hofu hata kabla ya maandamano ya kumpinga Rais Nkurunziza kuanza mjini Bujumbura. Mwezi ule ule WhatsApp, Facebook na Twitter zikafungwa katika simu. Na tarehe 13 Mei, Jenerali Godefroid Niyombare alipotangaza mapinduzi ilhali Rais Nkurunziza yuko Dar es Salaam, redio za binafsi zilishambuliwa katika siku zile, nyingine zikateketezwa. Hapo ndipo waandishi waliopoteza vituo vyao walipoanzisha SOS Médias Burundi, wakizitoa khabari katika mitandao ile ile iliyojaa uzushi.

Mwaka huo huo, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Soroush Vosoughi alikamilisha tasnifu ya udaktari juu ya kutambua na kuthibitisha uvumi wa Twitter kwa mashine. Programu yake, Rumor Gauge, ilitazama mambo matatu: lugha ya wasemao, hali ya watu wanaoieneza khabari, na njia ipitayo khabari kutoka kwa mmoja hadi mwingine, nayo ilipojaribiwa kwa uvumi 209, ilipata jawabu sahihi kwa robo tatu yake kabla ya chanzo kingine chochote cha umma. Msomaji aliyepita chuo cha Kurani atatambua kwamba wanazuoni wa Hadithi za Mtume walitangulia katika fikra hiyo kwa zaidi ya karne kumi, maana hawakukubali riwaya pasipo kuwachunguza wapokezi wake mmoja mmoja.

Ila ujumbe wa Twitter wakati ule kwa kawaida ulikuwa wazi kwa kila mtu, ilhali khabari za Burundi aghalabu hupita kwa Kirundi na Kiswahili, tena kwa sauti, ndani ya WhatsApp, ambako tangu Aprili 2016 hapana awezaye kuusoma ujumbe ila aliyeutuma na aliyeupokea. Tena mashine haina pa kujifunzia: KIRNEWS, mkusanyiko wa Kirundi wa kuifunzia mashine uliotolewa mwaka 2020, una makala za khabari zilizopangwa kwa mada, uvumi haumo.

Na hata mashine ingejua Kirundi, kuna isiloliweza. Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021 gereza la Gitega, lililojengwa kwa watu 400 na kujazwa zaidi ya 1,500, liliwaka moto. Wizara ya mambo ya ndani iliandika katika Twitter kwamba chanzo ni hitilafu ya umeme. Makamu wa Rais Prosper Bazombanza alifika akataja maiti 38. Mfungwa mmoja akawaambia waandishi kwa simu kwamba askari walikataa kufungua milango. Programu yaweza kuzikusanya kauli hizi na kuzilinganisha, lakini kuwahesabu waliokufa na kuwasikiliza walionusurika ni kazi ya mtu aliyeruhusiwa kupita langoni.

Nawasihi basi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Burundi, pamoja na waandishi wa Gitega na Muyinga, waweke daftari la kila uvumi unaowafikia, kwa Kirundi na kwa Kiswahili: ulisikika lini, nani aliuthibitisha au kuukanusha, na kwa ushahidi gani, maana pasipo daftari hilo hapana mashine itakayojifunza lugha zetu. Na wenye mamlaka wawafungulie waandishi milango ya magereza, hospitali na ofisi za tarafa siku ile ile ya tukio.