Hoja za Wasomi na Haja za Serikali: Historia ya Mtaala wa Fasihi Nchini Kenya

Mnamo Oktoba 24, 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza, Nairobi, ivunjwe, na fasihi ya Kiafrika iwe kitovu cha masomo. Chuoni hoja hiyo ilishinda kwa mjadala. Shuleni, hata hivyo, ilihitaji idhini ya serikali. Ndipo wahadhiri na walimu walipokutana Nairobi School mwaka wa 1974 kuijadili silabasi.

Hatima ya Kiswahili yafanana na hiyo. Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka wa 1976 kuwa kitahiniwe katika shule za msingi, lakini utekelezaji ulisubiri ripoti ya Mackay ya 1981 na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985. Hoja ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni haja ya serikali.

Katika kipindi hicho hicho, Ngũgĩ aliwekwa kizuizini, Desemba 1977 hadi Desemba 1978, na hakurejeshwa kazini chuoni. Kwa hivyo, mwanahistoria wa sera asiishie kwenye ripoti. Serikali yaweza kuipokea hoja na kumkataa mwenye hoja.