Kauli ya Kiongozi wa Mchezo na Uamuzi wa Wachezaji: Nafasi ya Sarufi ya Kiswahili

Mchezo wa mezani wa kuigiza uhusika huendeshwa kwa maneno. Yupo kiongozi anayesimulia, wapo wachezaji ambao kila mmoja amejivika uhusika wake, na ipo dadu. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, msingi wake ni uleule: kiongozi anaeleza mahali na hali, wachezaji wanasema watakalofanya, dadu inaamua penye shaka. Kwa wachezaji, kisichotajwa hakipo. Kiongozi akiutaja mlango, watajadili mlango. Akiongeza kwamba bawaba zake zimepakwa mafuta karibuni, wataanza kunong'onezana.

Mwaka huohuo wa 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer walichapisha utafiti ulioonyesha nguvu hiyo ya maneno nje ya mchezo. Watu waliotazama filamu za ajali waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi cha kupondana walikadiria kwa wastani maili 40.5 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi cha kugusana, maili 31.8. Kilichobadilika ni kitenzi kimoja.

Kwa Kiswahili nguvu hiyo huzidi, maana sarufi yenyewe hutoa habari. Chukulia kisa kilichotungwa kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya Momella, usiku, ukungu umeshuka. Kiongozi anasema: "Kando ya njia imesimama sanamu ya mpiganaji." Wachezaji wanapita; pengine mmoja anaigusa. Kiongozi huyo akiteleza akasema "amesimama", siri imevuja. Upatanisho wa kisarufi umekwisha kutangaza kwamba jiwe lile lina uhai, na panga zitachomolewa kabla dadu haijarushwa. Njia ya kuukwepa mtego huu ni kusema "kando ya njia pana sanamu", kwa kuwa "pana" hufuata mahali wala haigusi ngeli ya kitu. Kiongozi anayelijua hilo anaweza kuanza na "pana", akae kimya kwa muda, kisha aseme tu: "Anawatazama." Silabi moja, a-, hutisha kuliko vivumishi kumi.

Kiambishi cha yambwa nacho huongoza. "Mnaona pango" huleta pango jipya. "Mnaliona pango" huwaambia wachezaji kwamba ni lile walilokuwa wakilitafuta, au lile ambalo mmoja wao alionywa asilikaribie. Anayelitumia umbo la pili bila kukusudia atawapeleka watu wake wakatafute uhusiano usiokuwapo. Ndivyo ilivyo pia kwa viambishi vya mahali. Wengi siku hizi huchanganya -po na -ko, lakini -mo bado inashika: ukisema ufunguo "umo", wachezaji watapekua ndani ya kitu. Na "joka" si "nyoka". Anayetamka la kwanza amekwisha kupima ukubwa wa hatari.

Katika eneo la Kisongo na Arusha kwa jumla, ambako Kimaa husikika sambamba na Kiswahili, jambo hili lina sura nyingine. Kiambishi cha jinsia katika Kimaa hubeba ukubwa pia: olalem ni sime, enkalem ni kisu. Anayesimulia kwa lugha hiyo, akiitaja silaha iliyo mkononi mwa mgeni, amekwisha kudokeza mwanzoni mwa neno kama ni ya kupigania au ya kukatia nyama.

Ufundi huu una wazazi hapa nyumbani. Mtega kitendawili anayesema "nyumba yangu haina mlango" huyapeleka mawazo kwenye kuta na paa, mbali na yai. Hata hivyo amefungwa na maneno yake: ni lazima yalifae jibu, la sivyo wenzake wana haki ya kulikataa hata baada ya kumpa mji. Kiongozi wa mchezo anastahili kufungwa vivyo hivyo. Kuficha ni halali, kudanganya si halali, na tofauti ya "pana", isiyosema lolote juu ya uhai, na "imesimama", inayoukana, ndiyo mpaka wenyewe.

Jambo la mwisho ni swali linalofunga maelezo. "Mnafanya nini?" huacha njia zote wazi. "Mnaingia?" hubakiza ndiyo na hapana, na wachezaji husahau kwamba wangeweza kuwasha moto mlangoni wakangoja. Swali la aina hii lina nafasi yake muda unapokwisha au kundi linapokwama, ila likizoeleka uamuzi huwa umehamia kwa kiongozi.

Miongozo ya mchezo iliyoandikwa kwa Kiingereza haigusi ngeli, yambwa wala -mo, kwa kuwa Kiingereza hakina viambishi hivyo. Atakayetayarisha mwongozo wa Kiswahili asiishie kutafsiri. Sura ya kwanza aiweke kwa ajili ya sarufi ya kauli ya kiongozi.