Magnesiamu Haichanganywi, Huungwa

Aloi za magnesiamu zimebatizwa "michanganyiko ya magnesiamu", na jina hilo limepitishwa na wanakamati wa istilahi ambao, kwa heshima zao zote, yaelekea hawajawahi kuona zebaki ikikamata dhahabu. Mchanganyiko, jikoni na maabara, ni makande: mahindi hubaki mahindi, maharage hubaki maharage, na mwenye subira huyachambua kwa mkono. Wachimbaji wadogo wa Nyamongo, wilayani Tarime, wanaielewa tofauti hii kuliko wahariri wetu. Donge la kijivu linalosalia baada ya zebaki ya ziada kukamuliwa kwenye kitambaa halichekechwi wala halichujwi. Hutenganishwa na moto, tena kwa mvuke wa sumu. Donge hilo ni aloi, na kuliita mchanganyiko ni kulionea.

Neno la Kiingereza, alloy, lilipitia Kifaransa kutoka kitenzi cha Kilatini alligare, kufunga kitu kwenye kingine. Kitenzi chetu ni kuunga. Mganga huunga mfupa, fundi huunga bomba, mpishi huunga mboga kwa nazi au karanga, na huyu wa mwisho ndiye mwalimu wetu. Anayeunga mboga hatii nusu kwa nusu. Hutia kidogo, na sufuria nzima hubadilika. Ndivyo ilivyo AZ91, yenye alumini karibu asilimia 9 na zinki karibu asilimia 1, nyingine karibu yote magnesiamu. Sehemu ya alumini hujificha ndani ya fuwele za magnesiamu. Sehemu nyingine hushikana nayo, atomi 12 kwa 17, ikawa kitu ambacho si hii wala ile. Mwaka 2001 watafiti wa Kumamoto, Japani, waliunga magnesiamu kwa atomi 1 ya zinki na 2 za itriamu katika kila 100, wakapata uimara unaozidi megapaskali 600. Basi na tuseme muungo, wingi wake miungo.

Nitaambiwa kwamba kemia ya shule huiita aloi mchanganyiko kwa kuwa viwango vyake havikufungwa. Kweli, lakini hata nazi haina kipimo kimoja, na hakuna aulizaye kama leo kuna "mchanganyiko wa mchicha na nazi". Nitaambiwa tena kwamba muungo utagongana na maungo na Muungano. Mbona hakuna aliyewahi kutia kiungo cha goti kwenye pilau? "Aloi" yenyewe sina ugomvi nayo, ila ni tasa. Muungo unakuja na ndugu zake: kuunga, kuungwa, na kiungo, yaani ile metali inayotiwa kidogo, ambayo kamati zimeizungushia maneno manne. Na skrubu za magnesiamu za Syntellix ya Hannover, zilizoidhinishwa Ulaya mwaka 2013, hushika mfupa uliovunjika kisha huyeyuka taratibu mwilini: muungo unaounga.