Asubuhi ya Canning Town: Siku Abiria wa London Walipowashusha Watetezi wa Tabianchi Juu ya Treni

Tarehe 17 Oktoba haimo katika kalenda ya sherehe yoyote mjini London, wala sidhani kama itapata kuingizwa, ilhali kwa mtu anayetaka kufahamu jinsi umma unavyowapokea wale wanaouonya ulimwengu juu ya mabadiliko ya tabianchi, asubuhi ya siku hiyo ya mwaka 2019, katika stesheni ya Canning Town, ina mafunzo mengi kuliko vikao vingi vya mawaziri. Kila siku zake zinapowadia, swali lilelile hurejea: je, ni halali mtu kuwazuia wenziwe wasifike kazini, maadamu anaamini kwamba hatari anayowaonya nayo ni kubwa kuliko hasara ya kuchelewa? Katika kuisimulia kadhia hii nimetegemea zaidi habari zilizoandikwa na magazeti ya Uingereza siku zile, pamoja na picha za video ambazo abiria wenyewe walizipiga kwa simu zao, na kwa sababu hiyo nitakaa zaidi jukwaani pa stesheni, kwenye makelele na msukumano, kuliko katika ofisi za wakubwa.

Kuisimamisha treni kwa ajili ya hoja si uzushi wa vijana wa leo. Wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura waliichoma moto stesheni ya Saunderton mwaka 1913. Wajerumani waliopinga mabaki ya nyuklia kupelekwa Gorleben walikaa juu ya reli na kujifunga kwa minyororo miaka nenda miaka rudi, na mwaka 2004 kijana mmoja wa Kifaransa alikatwa na treni iliyobeba mabaki hayo huko Lorraine akafariki. Na mnamo tarehe 13 Juni 2008, karibu na kijiji cha Gowdall huko Yorkshire, watetezi wa tabianchi waliisimamisha treni ya makaa ya mawe iliyokuwa ikielekea kwenye kituo cha umeme cha Drax. Wawili wao walivaa kama wafanyakazi wa reli na kupunga bendera nyekundu, naye dereva akatii ishara kama ilivyompasa, kisha wenzao wakapanda mabehewani kwa makoleo na kuanza kuyamwaga makaa njiani. Watu 29 walitiwa hatiani, lakini mwaka 2014 hukumu zao zilifutwa, kwa kuwa ilidhihirika kwamba ushahidi wa askari kanzu aliyejipenyeza miongoni mwao ulikuwa umefichwa. Umma haukuwakasirikia sana watu wale, na sababu yake naiona wazi: makaa ya mawe hayana mwajiri anayeyasubiri mlangoni kwa saa mkononi.

Extinction Rebellion, jumuiya iliyotangazwa rasmi mbele ya Bunge la Uingereza tarehe 31 Oktoba 2018, ilikuwa na itikadi nyingine. Wao waliona kwamba kumzuia mwenye makaa pekee hakutoshi, na kwamba mji mzima hauna budi kutikiswa mpaka serikali isikie. Aprili 2019 waliziba madaraja na njia kuu za London, wakaegesha mashua ya rangi ya waridi katikati ya Oxford Circus, na zaidi ya watu 1,000 wakakamatwa. Na haikupita muda, tarehe 1 Mei, Bunge likatangaza hali ya dharura ya tabianchi, na mwezi wa Juni sheria ikapitishwa ya kukomesha mchango wa nchi hiyo katika kuongezeka kwa joto la dunia ifikapo mwaka 2050. Ni haki kukiri kwamba bila zile fujo za Aprili mambo hayo yasingalikwenda kwa kasi ile. Waama, mafanikio hayo ndiyo yaliyowatia moyo wa kurudi Oktoba, safari hii kwa wiki mbili mfululizo.

Hapo ndipo tunapofika Canning Town, mahali panapostahili kuelezwa. Stesheni hiyo ipo katika wilaya ya Newham, mashariki ya mji, jirani na magudi ya zamani ambako mababu wa wenyeji walipakua shehena za dunia nzima, na kwa muda mrefu wilaya hiyo imehesabiwa miongoni mwa zile zenye ufukara mwingi London. Wanaopanda treni hapo alfajiri, aghalabu, ni wafanya usafi, mafundi wa ujenzi, wauguzi na wahudumu wa maduka. Treni za njia ya Jubilee zilizofika hapo mwaka 1999 huwachukua hadi Canary Wharf, penye mabenki, na kuendelea hadi katikati ya mji. Waliopanga maandamano walisema walikuwa wakiulenga mfumo wa fedha na biashara. Lakini mwenye benki hakuwamo jukwaani saa ile, na aliyekuwamo alikuwa yule anayekwenda kumfagilia ofisi.

Mnamo saa moja asubuhi, wanaume wawili waliegemeza ngazi kwenye treni iliyosimama, wakapanda juu ya paa la behewa na kukunjua bango lililosema kwamba kuendelea na shughuli kama kawaida ni mauti. Umeme wa treni hizo hupita katika reli za chini wala hauna nyaya za juu, na ndiyo maana waliweza kusimama pale bila ya kuungua. Treni haikuweza kuondoka. Nyuma yake nyingine zikakwama, na jukwaani watu wakazidi kumiminika kutoka ngazi za chini mpaka pakawa hapana pa kuweka mguu. Mwanzo walizomea. Kisha wakaanza kuwarushia vinywaji na vyakula walivyokuwa navyo mikononi. Mmoja alisikika akipiga kelele kwamba naye ana kazi ya kwendea na watoto wa kulisha, na kwa mawazo yangu maneno hayo yalikuwa na uzito sawasawa na yale ya kwenye bango, japo hakuna aliyeyaandika kwa herufi kubwa.

Ndipo abiria mmoja alipojaribu kupanda, akamkamata mwandamanaji mguu. Yule wa juu akajitetea kwa teke, wakavutana, na kufumba na kufumbua akaporomoka katikati ya halaiki. Video zinaonyesha yaliyofuata: mikono inayomshika kutoka kila upande, mateke, ngumi, mtu akijikunyata chini akiziba kichwa, na sauti za wengine katika umati uleule wakiwasihi wenzao waache. Mfanyakazi wa reli, akisaidiwa na abiria wachache, alijiingiza kati akamkinga. Mwandamanaji mwingine aliyekuwa akipiga picha chini jukwaani, ambaye hakupanda popote, naye alipigwa. Mimi ninayeshikilia kwamba ghadhabu ya abiria ilikuwa na haki yake, sina neno la kuutetea mguu uliompiga mtu aliyekwisha kulala chini. Na nathubutu kusema kwamba yule mfanyakazi wa reli, ambaye jina lake halikutangazwa kama yalivyotangazwa majina ya wengine, ndiye aliyetenda tendo bora kuliko yote asubuhi ile.

Siku hiyohiyo treni zilizuiwa pia Stratford na Shadwell, na polisi wa reli waliwakamata watu wanane. Meya Sadiq Khan alililaani tendo hilo na kusema ni la hatari na linaidhuru hoja yenyewe. Wakosoaji, na wengi wao walikuwa marafiki wa mazingira, waliuliza swali lisilojibika kwa urahisi: mtu anayepigania hewa safi anawezaje kuichagua treni ya umeme, chombo ambacho kila mtaalamu anawaomba watu wakipande badala ya gari, ndicho akakisimamisha?

Jambo ambalo wengi wamekwisha kulisahau ni kwamba ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa ndani ya Extinction Rebellion wenyewe. Kabla ya siku ile wanachama walikuwa wameulizana kama ni sawa kuzigusa treni za chini kwa chini, na walio wengi walikataa. Lakini jumuiya hiyo haikuwa na mkuu wa kutoa amri wala wa kukataza; kikundi chochote kilichozikubali kanuni zao kumi kiliweza kutenda kwa jina la wote, na kikundi kidogo ndicho kilichotenda. Jioni yake msemaji wao mmoja alisema hana hakika kama lilikuwa jambo la sawa, na kwamba watahitaji muda wa kutafakari. Naamini hapa ndipo penye taksiri yao, wala si katika nia: walijenga chama ambacho wachache wangeweza kuitumia heshima ya wengi pasipo ridhaa yao.

Na nia yenyewe ilikuwa na msingi: mvua za vuli za mwaka uleule zilikuwa zikinyesha Afrika Mashariki kwa ukali usio wa kawaida, kutokana na joto lililozidi upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, na mwezi uliofuata maporomoko ya ardhi yalifukia makumi ya watu huko Pokot Magharibi, Kenya. Watu wa juu ya paa hawakuwa wakizua. Maafa waliyoyahofia yalikuwa yakitokea, ila mbali na macho ya aliyekuwa akiitazama saa yake jukwaani.

Mahakama zilikuwa pole kuliko umati. Amri ya polisi, iliyotolewa siku chache kabla ya mkasa ule kuyapiga marufuku maandamano yote ya Extinction Rebellion mjini London, Mahakama Kuu iliitamka tarehe 6 Novemba 2019 kuwa haikuwa halali. Na wale wa Shadwell, ambao walikuwa padri wa Katoliki, kasisi mwanamke wa Kianglikana na mzee aliyewahi kuwa mhadhiri wa chuo kikuu, walishtakiwa kwa sheria ya mwaka 1861 inayokataza kuyazuia magari ya reli. Kasisi na padri walikuwa wamepanda juu ya behewa wakisali, na mzee akagandisha mkono wake ubavuni mwa treni kwa gundi. Walijitetea kwamba walichagua kwa makusudi stesheni iliyo juu ya ardhi, ili abiria wasikwame ndani ya handaki, na kwamba waliweka wenzao jukwaani kutuliza watu. Januari 2022 juri iliwaachilia wote kwa kauli moja. Mzee yule alikuwa na umri wa miaka 85.

Yaliyobaki ni ya haraka. Tarehe 1 Januari 2023 Extinction Rebellion ilitangaza kwamba inaacha kuufanya usumbufu wa umma kuwa silaha yake kuu. Machi, nauli za treni London na kwingineko England zikapandishwa kwa asilimia 5.9. Aprili, kodi ya abiria wa ndege za ndani ya nchi ikapunguzwa kwa nusu, kutoka pauni 13 hadi pauni 6.50. Mei ikapitishwa sheria mpya inayoweza kumfunga hadi miezi 12 mtu atakayeingilia shughuli za miundombinu mikuu ya nchi, reli zikiwamo. Yaandikwe basi bega kwa bega katika historia ya Canning Town: kwamba serikali iliyofanya haraka kuilinda treni isisimamishwe ndiyo iliyoiacha treni hiyo iwe ghali zaidi, mwaka uleule iliporahisisha ndege, na kwamba gharama hiyo ilitoka mfukoni mwa abiria walewale ambao watetezi wa tabianchi nao walikuwa wamewachelewesha.